Kitako Kipya cha Gobore la Baba

Harufu ya masizi yaliyochanganywa na mawese mimi siisahau. Msimu ule nilikuwa na miaka tisa, huko milimani karibu na Kpandroma, na vidole vyangu vilinuka hivyo kutwa nzima, hata Mama alinifukuza kwenye chakula mpaka ninawe mara mbili. Masizi yenyewe niliyakwangua chini ya sufuria zake. Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa, nyani walikuwa wameshayaona, na gobore la Baba, bunduki ya zamani ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, lilikuwa limeegemea ukuta halina kitako, kwa sababu kitako kilikuwa kimeliwa na mchwa. Bila mlio wake nyani hawakumwogopa mtu. Mama alipiga kelele, alirusha mawe, nao walimtazama tu huku wakitafuna. Yeye hasa ndiye waliyemdharau!

Baba alikuwa fundi wa mbao. Kilima kizima kilimletea viti, milango na mipini ya majembe. Alitafuta kipande cha libuyu, mbao nyekundu ya msituni, akachonga kitako kipya. Kuchonga umbo la nje si kitu. Kazi ni kulaza chuma cha mtutu ndani ya mbao hadi vishikane pande zote, maana chuma kikiachwa na nafasi chini yake, siku ya kupiga mbao hupasuka. Hapo ndipo masizi yalipohitajika. Mimi nilikipaka chuma utando mwembamba, Baba alikilaza kwenye mfereji aliouchimba, akakigonga taratibu, akakiinua. Palipobaki weusi ndipo mbao ilipoinuka. Alipakwaruza kwa patasi na kipande cha chupa, kisha tukaanza tena. Mara ishirini kwa siku, mara thelathini. "Kidogo tu, mutoto yangu," aliniambia. "Masizi mingi inasemaka bongo." Yaani masizi mengi hudanganya. Halafu akaongeza: "Siku mbao itakuwa nyeusi yote, tumemaliza."

Mimi nilisikia hilo la mwisho tu. Haraka haraka haina baraka, nani hajaambiwa? Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya soko, na Baba alikuwa ameniahidi kunipeleka kazi ikiisha. Ijumaa, alipogeuka kunoa patasi, nikakipaka chuma masizi mazito kama karanga za kusaga. Akakilaza, akakigonga, akakiinua: mbao nyeusi kote! Baba alishangaa, akaigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akacheka kwa furaha. Sokoni kesho yake nilikula mandazi matatu, na sikuona haya hata kidogo.

Jumatatu nyani walishuka mchana kweupe. Majirani walikuja kuona kitako kipya kikifanya kazi. Baba akashindilia baruti, akaweka begani, akapiga. Ndani ya mlio ule mkubwa ulisikika mwingine, mdogo na mkavu. Kitako kilikuwa kimepasuka kwenye shingo yake nyembamba, na Baba amesimama na vipande viwili mikononi, damu shavuni. Jirani mmoja akacheka, halafu wote. Mama, aliyeyategemea mahindi yale kutulisha miezi mingi, akasema kwa sauti: "Eh! Fundi wa siku moja!" Jina hilo likashika.

Alasiri Baba alikitoa chuma kwenye mbao iliyopasuka, akaniita peke yangu. Kwenye mfereji kulikuwa na mabonde yaliyojaa masizi, mahali ambapo chuma hakikuwahi kugusa mbao. Akanitazama, nami nikaanza kulia. Nilitaka kukimbilia kwa Mama nikaseme yote, akanishika mkono. "Mama yako akijua, atakupiga," alisema. "Miye atanisema tu." Basi akawaambia watu mbao ilikuwa mbichi. Nyani walikula mahindi, sisi tukala viazi vitamu msimu mzima, na viti vya watu vikaanza kupelekwa kwa fundi mwingine, ng'ambo ya mto. Baba hakunitaja hata siku moja. Nami nikanyamaza, mwoga mkubwa mimi, hadi tukamzika kwenye kilima kilekile.

Leo mimi na Mama tunakaa Bunia, maana vita vilitutoa kule. Zamani mlio wa bunduki ulitutoa nje mbio tukicheka, tukaone nyani wakikimbia. Siku hizi wanangu wakiusikia hulala chini bila kuambiwa. Wiki iliyopita Mama alikuwa akichambua maharagwe na kuwasimulia habari za Fundi wa siku moja, nao wakacheka mpaka machozi. Roho iliniuma, nikashindwa kuvumilia. "Mama, ni mimi," nikasema, na nikamweleza yote: masizi, soko, na maneno ya Baba.

Aliacha maharagwe. Nilingoja anigombeze, hata anipige na uzee wake huo. "Nilimuita vile mpaka siku alikufa," alisema polepole. Kisha akasema: "Kesho tunaenda kumuomba musamaha."

Barabara ya kule kaburini anaijua kama ninavyoijua mimi; hakuna mtu wa kwetu anayethubutu kuipita sasa. Asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu, akinisubiri.