Siku Watoto Walipokula Mbono

Nilipohamishiwa shule moja ya msingi upande wa bara wa Kilwa, njia ya kwenda Kikole, mwalimu mkuu alinikabidhi darasa la pili, chaki na fimbo. Chaki nilichukua, fimbo nikamrudishia.

"Watakupanda kichwani," akaniambia kwa upole.

Sikubishana naye. Ninachoamini ni kwamba mtoto anayemwogopa mwalimu humficha mambo, na mtoto anayekuficha mambo huwezi kumfundisha. Darasa langu lilikuwa na kelele kweli, na walimu wenzangu walinicheka.

Msimu wa korosho, wazazi wengi wakiwa mashambani, binti mmoja alinijia baada ya mapumziko akijishika tumbo.

"Mwalimu, tumekula mbono."

Ua wa shule ulikuwa wa mibono, na mbegu zake mdomoni ni tamu kama karanga, lakini tumboni ni sumu.

"Nani na nani?"

Akawataja wote, akianza na yeye mwenyewe. Wawili niliwakuta nyuma ya vyoo, wanatapika. Mwalimu mkuu aliita bodaboda, tukawapakia na kukimbilia zahanati. Muuguzi akawanywesha maji ya chumvi na sukari, waliolegea akawatundikia dripu.

"Mmewawahi," alisema. "Wangejificha majumbani, sasa hivi tungekuwa tunasema mengine."

Alasiri wakaanza kudai uji. Hapo ndipo nilipokaa kwenye benchi, nikicheka huku machozi yananitoka. Alhamdulillahi, nilisema, nikairudia tena na tena.

Mwalimu mkuu alimwinamia yule binti kitandani. "Hukuogopa kusema?"

"Niliogopa kufa," akajibu. "Mwalimu simwogopi."

Bibi yake alifika kutoka shambani, kanga imejaa vumbi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, utamchapa?"

"Hapana, bibi. Huyu ndiye aliyewaokoa wenzake."

Akaketi kando ya mjukuu wake na kuanza kumlisha uji.

Tuliporudi shuleni, mwalimu mkuu akasema, "Ule ua tuung'oe."

Jumamosi iliyofuata wazazi wakaja na majembe yao, tukaung'oa wote, na mchana tukala ubwabwa pamoja pale pale uwanjani, watoto wakipiga kelele wasikemewe na mtu.