Naipanoi na Saa ya Kunyonyesha

Naipanoi alikuwa kibarua wa siku katika shamba la maua hapa Usa River. Mimi nina mkataba. Tulisimama meza moja tukipanga waridi kwa urefu. Alikuwa na mikono myepesi, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja, maana bibi aliyemlea kule Ngaramtoni hakupenda msichana acheke mbele ya wanaume. Mwanawe alikuwa na miezi minne, binti yangu Silantoi mitano.

Saa nne watoto huletwa getini, na wenye mkataba tunaruhusiwa saa nzima ya kunyonyesha. Siku ile Naipanoi naye akavua aproni.

"Unakwenda wapi?" akauliza Sifael, msimamizi wetu.

"Mtoto analia, kaka."

"Saa hiyo ni ya wenye mkataba, dada. Nikikuruhusu wewe, kesho vibarua wote watakuwa na mapacha."

Watu wakacheka. Naipanoi hakucheka. "Kwani njaa ya mwanangu nayo ni kibarua?"

Sifael akanigeukia. Mimi ndiye mwakilishi wa akina mama, nilipelekwa semina ya haki mjini siku mbili nikarudi na kitabu. "Mama Silantoi, kitabu kinasemaje?"

Kitabu kinasema mfanyakazi anayenyonyesha. Kibarua hakikumtaja. Ila mwalimu wa semina alituambia haki mtu huzaliwa nayo, sheria inaiandika tu. Nilikumbuka vizuri. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule.

"Vibarua hawajatajwa," nikasema.

Kilio kikaja tena kutoka getini, na maziwa yakanitoka, yakalowesha blauzi. Mwili wangu haukuuliza ni mtoto wa nani. Nikajifunika kwa aproni wasione.

Naipanoi akaenda getini, hakurudi.

Jumapili nilimfuata kwake na kilo ya sukari. Akanipikia chai. Nikamwambia anisamehe, kitabuni kweli sikuona.

"Ungeona ungesema?"

"Ningesema."

"Ingekuwa imeandikwa ningesoma mwenyewe, mama Silantoi. Nilikuhitaji kwa sababu haikuandikwa."

Nilimaliza chai, nikaaga.

Sasa anapalilia maharage ya watu, mtoto amelala kando ya tuta. Mkataba wangu umeongezwa. Ikifika saa nne Sifael hunikumbusha mwenyewe, "Nenda mama, muda wako huo." Nami naenda, nanyonyesha nikiangalia chini.