Wifi yangu alivyogoma kusamehewa kazi ya shamba la kijiji (Mpimbwe, miaka ya sabini)

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo nawaitikia marahaba kabisa.

Mjukuu ndiye kanifungulia akaunti, kanionya kwamba humu ukileta chai unaumbuliwa. Basi nasimulia niliyoyaona kwa macho yangu.

Niliolewa huku Majimoto wakati vijiji vya ujamaa vimepamba moto. Nikamkuta wifi yangu Yustina, dada wa mume wangu. Polio ilimpiga miguu utotoni, akawa anatembelea mikono. Mdomo ulikuwa mzima kabisa, niulizeni mimi.

Shamba la mpunga la kijiji lilikuwa na sheria: aliyefanya kazi ndiye anayepata mgao. Yustina walimsamehe kazi kwa huruma. Kwa hiyo mgao hana, anakula kwenye chungu changu kila siku.

Mimi haikunikera, ila yeye ilimuuma. Alitaka mpunga wake.

Masuke yakatoka, ndege wakashuka. Waliowahi kuamia ndege wanajua shughuli yake. Unakaa juu ya dungu, kile kibanda kirefu cha miti, unavuta kamba zenye makopo zilizotandazwa shamba zima. Makopo yanapiga kelele, ndege wanakimbia.

Yustina akaja mkutanoni akaomba zamu ya dungu.

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Sasa dada, ukianguka mi nitajibu nini?"

"Utajibu Yustina kaanguka kazini, kama wenzake."

Watu walicheka, lakini wa kumpinga hakuonekana. Akapewa zamu.

Ikabaki ngazi. Mume wangu akasema atambeba mgongoni kila asubuhi. Dada mtu akakataa. "Siku ukiumwa, ndege watanisubiri?" Akamwelekeza aongeze vijiti vya kukanyagia, avisogeze karibu karibu, apate kujivuta kwa mikono. Mume wangu alishinda anagonga huku ananung'unika.

Wakuu, alipanda mwenyewe. Mimi nilipiga vigelegele mpaka ndege wa jirani wakahama.

(Na ile ngazi tulivyoipenda sisi wenye mimba, acheni tu.)

Sasa siku moja akachelewa, ndege wakafungua kinywa kabla yake. Mwenyekiti akamfokea mbele ya watu wote, na faini juu: kuku mmoja, kama yeyote aliyechelewa.

Mume wangu akainuka kumwombea msamaha, hali yake jamani mnaiona.

"Kaka, kaa chini," Yustina akasema. "Nimechelewa mimi. Kuku nalipa mimi."

Njia nzima anacheka. Eti hajawahi kufokewa na mwenyekiti maisha yake yote.

Tukavuna. Siku ya mgao likaitwa jina lake, si la kaka yake. Nililia, sifichi.

Jioni akawasha moto wake mwenyewe, akainjika wali, akatuita. Nikashika mwiko nimsaidie kama nilivyozoea.

"Wifi, weka chini hiyo. Leo nyie ni wageni wangu."

Nilikaa, nikapakuliwa.

Nilichojifunza: huruma ya kumwambia mtu "wewe pumzika" inaweza kumfungia mlango. Muulizeni anataka kufanya nini, kisha rekebisheni ngazi.

Haya, kwenu nani alisamehewa kazi bila kuulizwa? Mwageni ya kwenu hapa chini, miwani ninayo.