Tetemeko na Jembe Langu

Mume wangu alipofariki tulikuwa tunaishi Nyakatuntu, katika kibanja cha migomba alichoachiwa na baba yake. Siku ya tatu ya matanga nililima. Mwiko niliujua: jembe haliguswi mpaka siku za msiba ziishe. Lakini paa lilivuja, mbegu za maharage zikalowa zikaanza kuota kikapuni, nami nilikuwa na watoto watatu wa kulisha. Nikiwa bado nimeshika jembe, nchi ilitikisika, mitungi ikaanguka ndani.

Baada ya siku nne ukoo ulikutana uani kwangu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alitaka nirudishwe kwetu Kimuli na watoto wabaki.

"Ardhi imemkataa," alisema. "Shemeji, ulilima, hukulima?"

"Nililima."

Mnunuzi wa kahawa aliyekuwa ametoka Bukoba kuja kutupa pole aliomba kusema. Alisema siku ile ile, saa ile ile, kengele ya kanisa la kwao ililia bila kuvutwa na mtu.

"Basi jembe la mjane huyu lina mpini mrefu," mkuu wa ukoo alisema, na watu wakacheka.

Shemeji hakucheka. "Tetemeko lilianzia hapa, likaenda huko."

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne tu, ila somo moja sikulisahau. Niliokota ufito mkavu, nikampa shemeji ncha moja, nami nikashika nyingine.

"Shikilia, shemeji. Mwalimu alitufundisha kwamba chini sana kuna miamba inayovutana na kusukumana. Hukazana miaka mingi, sisi juu hatusikii kitu."

Nilikunja ufito polepole. Ukainama, ukanyamaza. Kisha ukakatika, na shemeji akaachia haraka, akikung'uta vidole.

"Umesikia wapi?" nikamuuliza.

"Mkononi."

"Na ufito umekatika wapi?"

Alitazama vipande chini. "Katikati."

"Mwamba nao hukatika huko chini, mtikiso ukaenea kote. Hapa tuliusikia tu, kama mkono wako ulivyosikia."

Mkuu wa ukoo aliniuliza kama tetemeko litarudi.

"Litarudi, baba. Lini, sijui. Hata mwalimu hakujua."

Aliwageukia wenzake. "Mwongo angetuahidi kwamba halirudi," akasema. "Huyu amekiri hata kushika jembe. Kulima kwenye msiba alikosea, atatupikia pombe tuyamalize. Tetemeko si lake."

Akasimama, akanizungusha kibanja chote mbele ya majirani, akigusa kila mti wa mpaka kwa fimbo. "Hapa pako na wanao," alirudia kila alipogusa. Shemeji alitangulia akifyeka njia kwa panga, bila kuambiwa.

Tulipomaliza, nilirudi ndani nikaketi kwenye nyasi zilizotandazwa kwa ajili ya msiba. Tangu mazishi nilikuwa nimelia kwa hofu ya kufukuzwa. Siku ile nilimlilia mume wangu, nikiwa kwangu.