Eda ya Sijaona na Kiti cha Baraza

Ukitaka ndagala, dagaa wa ziwani, zisizo na mchanga, nenda kwa Sijaona. Anakaa kwenye uwanja mdogo wa njia ya bandarini, mgongo ukutani, kikapu mbele, na kopo lake la kupimia halikubonyezwa kitako kama makopo ya wengine. Mimi niko pembeni yake na nyanya zangu. Nyumba zetu pia zinatazamana kwenye ua mmoja. Yeye Muislamu, mimi Mkatoliki, chumvi tunaazimana.

Mwaka wa uchaguzi, 2005, vita vikiwa havijanyamaza vizuri huko milimani, chama kilitafuta majina ya wanawake kwa ajili ya baraza la komini, serikali ya hapa kwetu. Wakamwandika Sijaona kwa sababu kila mpishi anamjua, lakini wakamweka chini, mahali pa kupamba tu. Kura zilipohesabiwa akawa wa kwanza kati ya waliokosa. Alicheka akafunga kitenge.

"Basi nirudi kwa samaki zangu. Wao hawanipigii kura, lakini hawanikimbii."

Mwezi wa saba hatukucheka tena. Gari alilopanda mume wake Tajudini, mpakuzi wa bandarini, lilipigwa risasi njia ya Rumonge. Walimrudisha amefunikwa. Sijaona akaingia eda: akavua hereni, akakaa ndani, akaacha soko. Wanawake wa Kiislamu wakifiwa na mume hukaa hivyo miezi minne na siku kumi, na hapa mtaani hata sisi Wakristo tunajua kuhesabu.

Jambo moja watu wa nje hawakulijua. Sijaona alikuwa na mimba, ya kwanza, baada ya kuisubiri miaka mingi. Mimba kama hiyo haitangazwi. Alikuwa akiificha chini ya vitenge viwili, na eda ikamfichia iliyobaki. Tulijua sisi wa ua tu.

Ndipo kiti kikawa wazi. Konseye mmoja, mjumbe wa chama barazani, Jovithe, alipata kazi ya serikali na hakuruhusiwa kushika vyote viwili. Aliyefuata ni Sijaona. Asipofika kuapa siku ya kikao, itakuwa amekataa, na kiti kinamwendea anayemfuata, Sylvère mwenye baa. Huyo Sylvère alikuwa ameomba komini impe uwanja wetu apange meza za bia na mishikaki. Ombi lake lingepigiwa kura siku hiyohiyo. Tulijua barazani pande mbili zinalingana. Kiti kile ndicho kingeamua uwanja wetu.

Ildephonse, mkubwa wa chama katika komini yetu, na dada yake ameolewa na Sylvère, alikuja kutoa pole. Alikalishwa uani. Sijaona alibaki nyuma ya pazia, na mama mkwe wake, Bibi Houda, akakaa mlangoni.

"Mama Sijaona, pole sana," Ildephonse akaliambia pazia. "Kikao ni mwezi wa tisa, lakini we usijisumbue. Dini ni dini. Sisi kwenye chama tunaheshimu Waislamu."

"Asante, Bwana Ildephonse," pazia likajibu.

"Eda yako inaisha karibu na Noeli, si ndiyo? Nimehesabu."

"Umehesabu mpaka eda za watu?" Bibi Houda akauliza.

"Nimekulia Bwiza, Bibi. Nimekunywa chai na Waislamu toka utoto."

"Haya, mwanangu. Sheria ya Mungu itafuatwa."

Aliondoka ameridhika, akanunua hata nyanya zangu mbili, asidai chenji.

Mimi nilikasirika. Nikaingia ndani na mtoto wangu Bonfils mgongoni. "Sijaona, nenda tu siku hiyo! Nusu saa! Nani atakuona?"

"Mungu na Tajudini," akajibu. "Kama kukaa ndani ni haki yake kwangu, siwezi kumunyima sababu ya kiti."

Bibi Houda alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Hakuna mutu anavunja eda ya mwanangu kwa siasa. Lakini nyie watoto mnahesabu kama Ildephonse. Mjane mwenye mimba, eda yake haiendi kwa miezi. Akijifungua, imeisha. Hata akijifungua kesho."

Tukatazama tumbo la Sijaona, sote watatu. Yeye akalifunika kwa mikono kama mtu aliyeitwa jina lake.

Tangu hapo ule ua ulikuwa unamngoja mtu mmoja. Mwezi wa tisa ukaingia, tumbo likashuka, lakini mtoto akatulia. Kikao kilitangazwa kuwa Jumatano. Wanawake wa uwanjani, ambao sasa tuliwaamini na siri, walikuwa wananipitia asubuhi, mmoja ameficha tangawizi, mwingine samaki wa mchuzi, na wote swali moja: "Bado?" Bibi Houda alikuwa anamtembeza Sijaona uani huku na huku, akiligombeza tumbo. "Toka, konseye! Kazi inakungoja, we umelala!" Sijaona akicheka anashika ukuta, halafu analia kidogo, kwa sababu Tajudini ndiye angecheka zaidi.

Jumapili nilitoka misa nikakuta mlango umefungwa. Walikuwa wameshakwenda kujifungua. Kabla ya adhana ya magharibi Bibi Houda alirudi amebeba kitenge kitupu begani, anatembea kama msichana. "Ni binti," akasema. "Mzima. Na mama yake ni mzima."

"Na arobaini je?" nikauliza. Nilikuwa najua kwao mzazi hukaa ndani siku arobaini.

"Eda ni amri ya Mungu. Arobaini ni desturi yetu wenyewe, na mi leo naipa ruhusa."

Jumatano tulimfunga Sijaona tumbo kwa kitenge kigumu, tukaenda naye polepole. Mtoto nilimbeba mimi kifuani, Bonfils mgongoni. Ukumbi wa komini ulijaa, kwa hiyo mimi na Bibi Houda tulibaki nje dirishani. Sijaona alisimama mlangoni, nyuma ya migongo ya watu.

Ildephonse alisoma jina lake haraka, kama mtu anayesoma jina la marehemu. "Hayupo. Tunampa pole, yuko ndani ya eda. Anayemfuata ni Bwana Sylvère."

Sylvère alikuwa ameshainuka, anafunga kifungo cha koti.

"Niko."

Migongo ikafunguka. Sijaona akapita katikati, kitambaa cheupe kichwani.

"Mama!" Ildephonse akasema. "Eda! Eda yako je?"

Bibi Houda akaingiza kichwa dirishani. "Imeisha Jumapili, mwanangu! Mwenye mimba akizaa, eda imekwisha. Chai yote uliyokunywa na Waislamu, hukuuliza hata siku moja?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Musitanteri, ndiye mkuu wa komini, alijifuta macho, akamwambia Sylvère aketi, akamwambia Sijaona ainue mkono wa kuume. Aliapa kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja bei.

Ndipo mtoto akaanza kulia. Mama yake hakuweza kutoka, ombi la uwanja lilikuwa limeshasomwa. Basi nikamshusha Bonfils, nikakaa kwenye ngazi palepale dirishani, ndani naona bado, nikampa binti wa Sijaona titi mimi. Alilishika kwa nguvu, yule mdogo.

"Wanaokubali?" Mikono ikainuka. "Wanaokataa?" Ikainuka mingine, sawasawa. Halafu mmoja wa mwisho, mwembamba, wenye magamba ya samaki ambayo hayatoki hata kwa limau. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa mbele ya wanaume wote, na hakuushusha mkono mpaka ulipohesabiwa.

Vigelegele vilianzia dirishani kwetu vikafika barabarani.

Bibi Houda alinitazama nikinyonyesha. "Umpe tena kesho, na kesho kutwa," akaniambia. "Ukimpa mara tano za kushiba, kwetu ni mwanao. Bonfils atakuwa kaka yake."

Nimempa zaidi ya tano. Kila siku ya kikao Sijaona ananiachia mtoto na kikapu, anaosha mikono, anakwenda. Uwanja ni wetu bado. Sylvère akipita kununua ndagala anapimiwa kwa kopo lilelile, limejaa mpaka juu.