Safari Iliyopangwa kwa Makatoni

Everlyn Kemunto aliijua Ufaransa kwa makatoni. Kwa miaka minne alilinda mlango wa ghala moja pale Airport Freezone, Dubai, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kulinganisha karatasi ya dereva na maandishi yaliyo ubavuni mwa mzigo. Visu vilitoka Thiers. Sahani nyeupe zilitoka Limoges. Manukato, ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuyanusa, yalitoka Grasse. Paris haikuwahi kuletwa pale mlangoni, kwa hiyo hakuwa na haja nayo.

Wengi wanaotamani Ulaya hutamani kupigwa picha mbele ya mnara. Huyu alitaka kupiga yeye, tena si minara, bali mikono ya mafundi. Baba yake alikuwa mchongaji wa mawe laini kule Tabaka, Kisii. Sanamu zake zilipakiwa kwenye makatoni zikaenda zake, na hadi mzee anazikwa hakuna mnunuzi aliyewahi kuuliza ni nani alizichonga. Ndiyo maana Everlyn akisoma jina la mji kwenye katoni alijiuliza ni mkono wa nani huo, na una kovu wapi. Swali lilimwingia kichwani likakataa kutoka.

Kamera aliinunua sokoni Naif, ya mitumba, lenzi yake imekwaruzwa ukingoni. Shida ni kwamba hakuwa na pa kuitumia. Kazini picha ni marufuku. Katika jengo la wafanyakazi kule Investments Park, alikolala na wenzake watano chumba kimoja, hakuna aliyetaka kupigwa picha akiwa amejifunga leso na mafuta usoni. Basi la kampuni lilimchukua alfajiri na kumrudisha jioni, na siku ya mapumziko ilikuwa ya kufua na kulala. Akabaki kupiga picha vitasa vya milango na soksi zilizoanikwa. Vitasa peke yake vilifika mia tatu, na baadhi, lazima tukubali, vilikuwa vizuri sana.

Safari aliipanga nyuma ya daftari la zamu. Angeanzia Lyon, alale siku mbili ashushe pumzi, halafu Thiers siku nne, Limoges siku sita, kisha ateremke kusini hadi Grasse. Grasse lazima afike Mei, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba mawaridi ya manukato huchumwa mwezi huo, asubuhi, kwa mkono, na yakipita yamepita. Kila mji aliuandikia ukurasa wake: treni ya saa ngapi, chumba cha bei nafuu kiko mtaa gani, jua linachomoza upande upi.

Yuliana, Mhaya wa Bukoba aliyelala kitanda cha chini yake, ndiye pekee aliyeonyeshwa daftari hilo.

"Hivi dada, unakwenda mwenyewe kabisa?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Na ukipotea?"

"Si nitauliza njia."

"Kwa lugha ipi? Hebu soma huu mji hapa."

"Li-mo-ge-si," Everlyn akasoma, kila herufi na haki yake. Yuliana, ambaye hakujua Kifaransa zaidi yake, alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku hiyo alimwita mama Limogesi.

Likizo ilikuwa imeshasainiwa, kuanzia tarehe tano Mei. Miadi ya viza aliipata, tarehe ishirini na nne Machi, saa nne asubuhi, akaomba abadilishiwe zamu siku hiyo. Bima alikata. Vyumba alishika. Vitu viwili tu havikuwa mikononi mwake: barua ya NOC, ile ya kampuni kusema kwamba haina pingamizi mfanyakazi wake asafiri, na pasipoti yenyewe. Vyote vilimtegemea Hashir, mtu wa makaratasi wa kampuni, mwenye ofisi ndogo chini ya jengo na kabati la chuma nyuma ya kiti chake. Pasipoti za watu wote zilikaa humo.

Mara ya kwanza Hashir alimjibu "inshallah". Mara ya pili alimwambia aje baada ya siku mbili. Mara ya tatu ofisi ilikuwa imefungwa. Mara ya nne, tarehe kumi Machi, alimkuta kabana simu sikioni, foleni imejaa hadi mlangoni. Everlyn alifungua mdomo, naye Hashir, bila hata kumtazama, akainua kiganja.

"Khalas, Everlyn. Khalas. Yalla," akasema, akamwita aliyefuata.

Everlyn akageuka akaondoka.

Neno hilo alilifundishwa na madam. Mwaka wake wa kwanza Dubai, kabla ya ulinzi, alifanya kazi za ndani kwa mama mmoja, na khalas ya mama yule ilikuja na kiganja kilichoinuliwa vilevile. Akieleza kwamba hakuvunja yeye kikombe: khalas. Akiomba kumpigia mamake simu: khalas. Alijua maana yake pasipo mtu kumfasiria: nyamaza, yameisha, toka mbele yangu. Kwa mwaka mzima halikuwahi kumjia na maana nyingine. Basi siku ile mbele ya Hashir hakuhitaji kuuliza mara mbili, na mimi hapo ningependa sana kumshika mkono nimrudishe kwenye foleni, lakini alikuwa ameshapanda ngazi.

"Amesemaje?" Yuliana akamuuliza.

"Amekataa."

Alisema hivyo tu, akapanda kitandani akaugeukia ukuta. Yuliana alimwonea huruma, akamwachia chapati mbili kwenye sahani na hakumchokonoa. Heshima hiyo, jamani, ndiyo iliyomponza Everlyn.

Tarehe ishirini na nne Machi, saa nne asubuhi, Everlyn alikuwa mlangoni mwa ghala. Lilikuja lori lenye sahani za Limoges, makatoni mia na arobaini. Aliyahesabu yote, akasaini, na dereva alipomsalimu alijibu kwa kichwa. Alifuta vyumba kimoja kimoja kwa simu wakati wa chakula. Aliona uchungu, na zaidi ya uchungu aliona ujinga, kwamba mlinzi mzima alijidanganya kuwa angeweza kuamka siku moja, achukue kamera, atembee kwenda anakotaka.

Aprili ilikwenda hivyo. Kamera aliiweka chini ya godoro, na likizo yake akaamua kuilala palepale chumbani.

Jioni moja mwishoni mwa mwezi, wakiwa jikoni wanangoja zamu ya jiko, Yuliana akakosa uvumilivu.

"Hivi yule Hashir alitoa sababu gani?"

"Sababu gani na wewe. Alisema tu khalas."

"Khalas vipi?"

"Khalas, Yuliana. Khalas, yalla. Imeisha hiyo."

Yuliana aliweka sufuria chini. "Dada, mbona huyo hakukataa? Mimi nilipofuata kadi yangu ya bima aliniambia hivyohivyo. Khalas, maana yake tayari, nimeshamaliza; yalla, haya basi. Nikanyoosha mkono nikapewa."

 Everlyn alijaribu kukumbuka kile kiganja, kama kilikuwa kinamfukuza au kinamtuliza, na hakuweza kuona chochote ila kiganja cha madam.

Asubuhi yake alishuka mapema, basi la kazini likiwa linanguruma nje. Hashir alikuwa peke yake na kikombe cha chai. Everlyn hakumaliza hata swali. Hashir alivuta droo, akatoa bahasha ya kaki yenye jina lake, akaisukuma mezani.

"Iko hapa tangu mwezi wa tatu," alisema kwa Kiingereza chake cha kwao Kerala, India. "Nilikuambia khalas. Hukuja kuichukua. Nikafikiri umebadilisha mawazo."

Ndani mlikuwa na barua, imepigwa muhuri, ya tarehe tisa Machi, siku moja kabla ya ile foleni. Na pasipoti. Everlyn hakuwa ameishika kwa miaka mitano. Aliifungua, akajiona mwembamba wa mashavu, msichana anayeangalia mbele bila kujua anaangalia nini.

"Viza inachukua siku ngapi?" Hashir akauliza.

"Kumi na tano, sir. Na kupata miadi kwanza."

Zilikuwa zimebaki siku tano likizo ianze, na mtu wa kuchukua zamu yake alikwisha kupangwa mpaka mwisho wa Mei, kwa hiyo likizo haikuweza kusogezwa. Hashir alisema pole, na alimaanisha. Alisema pia kwamba barua nyingine anaweza kumwandikia mwaka ujao, si kazi kubwa. Nje basi lilipiga honi. Everlyn aliifunga pasipoti, akairudisha kwenye bahasha, akailaza mezani upande wa Hashir.

"Iweke tu, sir," alisema. "Huko kabatini ni salama zaidi."

Hashir akashusha kikombe. "Unataka nikae nayo mimi?"

"Ndiyo, sir."

Akapanda basi, akapata kiti cha dirishani. Walikuwa wameshatoka getini na kushika barabara kubwa ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Ndiyo aliyoambiwa siku aliyotua, na mtu wa wakala aliyenyoosha mkono kuichukua pasipoti yake: huko ni salama zaidi. Hashir hakunyoosha mkono leo. Hakuomba kitu.

Everlyn aliinuka ashuke akaichukue, akasimama katikati ya basi, mkono kwenye chuma cha juu. Dereva alimwona kwenye kioo akamwambia akae chini, naye akakaa.