Safari Nne za Mpagazi

Tangu afike ofisini saa moja asubuhi, Bu Wahyuningsih, mama mtunza mashine ya ofisi, hakuweza kutulia. Aliketi, akainuka, akafuta meza isiyo na vumbi, akaenda dirishani kuwatazama wanawake wa jikoni wakishindilia wali wa manjano ndani ya pakacha lenye ncha. Wali ule ungepinduliwa uwe mnara, na saa tatu, baada ya dua, mkuu wa ofisi angeukata ncha na kumpa mtu mmoja wa kuheshimiwa. Ofisi nzima ilikwisha kujua kuwa mtu huyo ni yeye.

Ofisi ya ramani za mifereji ilikuwa inahamia jengo jipya. Karamu ikiisha, Mas Triyono, fundi kijana wa kampuni iliyoleta mashine mpya, angezifuta diski za mashine ya zamani na kuichukua. Humo mlikuwa na ramani elfu kumi na moja mia nne na sita, za kila mfereji na kila lango la maji katika bonde lao la Java. Za karatasi ziliozeshwa na mafuriko miaka miwili iliyopita, mwaka wa 2001, na tangu hapo wakulima wakigombania maji ya mashamba ya mpunga, shahidi pekee alikuwa ndani ya mashine hiyo.

Nyingi zilichorwa na marehemu baba yake Wahyuningsih. Pak Sastrowiyono alikuwa mchoraji mkuu kwa miaka thelathini na mmoja, na sahihi yake ndogo iko pembeni mwa kila ramani aliyoichora. Nyumbani kwake watoto walifundishwa kwamba jina la ukoo halirithiwi kama kabati. Hutunzwa, na mwenye kulichafua hulichafua hadi kaburini kwa waliomtangulia. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wanaume wa ofisi waliifunika kitambaa kama maiti, wakangoja mtu wa kuigusa. Wahyuningsih alikibeba nyumbani kitabu chake cha maelekezo, akakisoma jioni kwa jioni na kamusi mapajani. Baada ya miezi minne aliiondolea kitambaa.

Hakupenda vidirisha na picha za kubofya. Alipenda kuandika amri kwa herufi, kwanza kwenye karatasi kwa penseli, kisha kwenye skrini. Katika amri zote aliipenda zaidi ile iitwayo xargs. Wenzake walipomuuliza kazi yake, alisema ni mpagazi: unampa orodha ya vitu, anaifunga mgongoni mwa amri nyingine, kisha anaipeleka ikafanye kazi. Na kwa kuwa mpagazi hana akili ya kuuliza, Wahyuningsih alijiwekea desturi. Kabla ya kutenda, mashine ilitakiwa kusema. Aliiagiza kwanza iandike tu amri zile ambazo ingezitenda. Akazisoma, akaridhika, ndipo akairuhusu. Kwa miaka kumi na miwili hakuivunja desturi hiyo.

Jana aliivunja.

Alikuwa na orodha ya ramani zote, na amri ya kuzifunga katika faili moja kubwa ili zihamishwe. Wiki iliyopita alikuwa ameijaribu kwa kijiji kimoja, ramani mia tatu, ikaenda sawasawa. Jana, alipoanza kuandika ile amri ya kuisemesha mashine, Mas Triyono alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mifukoni.

"Bu, hata hii tunaiombea ruhusa?" alisema kwa adabu iliyokuwa na mwiba. "Mbona wiki iliyopita ilikubali?"

Alihisi masikio yanawaka moto. Hakutaka kuonekana kikongwe anayepapasa ukuta. Alifuta alichoandika, akatuma amri yenyewe. Saa nane alitazama ukubwa wa faili, akauandika kwenye karatasi. Saa tisa alitazama tena, ukawa umepungua. Alijiambia amesoma vibaya. Kisha mkuu, Pak Hardiyanto, akachungulia mlangoni kuuliza kama kazi imekamilika, naye akajibu kama binti yeyote aliyelelewa vizuri anavyomjibu mkubwa wake: "Ndiyo, Pak. Imekamilika."

Sasa karatasi ile ilikuwa mfukoni mwake na alikuwa ameitoa na kuirudisha hata mikunjo ikaanza kuchanika. Faili linalojazwa hukua. Halipungui.

Bu Endang, karani wa meza ya jirani, alimtazama akiinuka tena. "Bu Ning, una siafu kwenye kiti? Kaa basi. Ncha ya wali haitakukimbia."

Alitabasamu, akakaa, akainuka. Ukumbini watu walikuwa wakitandika mikeka. Shehe alikuwa ameshafika, na sauti ya Pak Hardiyanto ikasikika ikiwakaribisha wageni. Wahyuningsih aliurudia mlango wa chumba cha mashine, akaufunga nyuma yake. Aliandika kile ambacho jana alikifuta: mashine iseme amri zake bila kuzitenda. Na kwa kuwa zingekuwa ndefu mno kusomeka, aliiagiza izihesabu tu. Jibu lilipaswa kuwa moja.

Skrini iliandika nne.

Alielewa papo hapo, hata kabla hajavuta kiti. Orodha ya kijiji ilikuwa fupi. Mpagazi aliibeba kwa safari moja. Orodha ya bonde zima ilimzidi, naye akaigawa safari nne bila kumwambia mtu. Na kila safari ilikuwa amri ile ile, *fungua kasha jipya*, yaani faili tupu, kwa hiyo kila alipofika alimwaga mzigo wa safari iliyopita akaanza upya. Alihesabu ramani zilizomo katika faili. Elfu moja mia nane na sita. Ilikuwa safari ya mwisho peke yake.

Alipotoka, dua ilikuwa imekwisha na Pak Hardiyanto ameshika kisu. Alikuwa akimsifu Pak Sastrowiyono, akisema kwamba mzee alichora maji na binti ameyahifadhi, na wazee wa vijiji waliokaa mbele waliitikia kwa vichwa. Mas Triyono hakuwepo mkekani. Kupitia mlango wazi wa upande wa pili alimwona anashuka kutoka garini na kisanduku chake cha vifaa.

Angeweza kumkimbilia na kumwomba asubiri kidogo, akasingizia waya. Lakini Triyono alikuwa na hati ya kufuta yenye sahihi ya mkuu, na sahihi ya mkuu huondolewa na mkuu. Isitoshe, uongo wa waya ungekuwa wa pili baada ya ule wa "imekamilika".

Ncha ya wali ilikuwa tayari kwenye sahani, nayo sahani ikanyooshwa kwake.

Hakuipokea. Aliinama hadi kichwa chake kikawa chini ya mkono wa mkuu.

"Pak, naomba radhi. Isije kwangu. Ramani hazijakamilika, ni elfu moja na kitu tu. Kosa ni langu mwenyewe, si la mashine. Naomba diski zisiguswe."

Sahani ilibaki hewani. Mzee mmoja alikohoa. Pak Hardiyanto aliitua sahani taratibu, akamwita Mas Triyono kwa jina, akamwambia aketi ale kwanza na akiweke kisanduku chake kando ya ukuta. Kisha akamuuliza Wahyuningsih, kwa sauti ya chini, itachukua muda gani.

"Hadi alasiri, Pak."

"Nenda, Bu."

Alirudi chumbani masikio yakiwaka kuliko jana. Safari hii hakumtumia mpagazi. Alimpa mfungaji, yaani ile amri ya kuzifunga ramani, orodha yenyewe mkononi aisome mwenyewe, kasha likafunguliwa mara moja tu. Kabla ya hapo mashine ilisema. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na hakujali ni nani aliyesimama mlangoni.

Alasiri ilipoingia, Bu Endang alileta sahani iliyofunikwa jani la mgomba. Ncha ya wali ilikuwa imekauka pembeni.

"Kula, Bu Ning. Pak amesema hakuna mwingine wa kupewa. Umeikataa mbele ya watu, basi uile nyuma yao."

"Ngoja."

Skrini ilionyesha elfu kumi na moja mia nne na sita. Alifungua ramani moja ndani ya kasha jipya, ya lango la kaskazini. Pembeni ilikuwepo sahihi ndogo ya baba yake, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa kulia kama kawaida. Aliifunga. Bu Endang akadhani sasa atanawa mikono.

Alihesabu tena.